Fundi wa Isipingo anayelaza magari, huku mama akimsubiri Gihanga

Saa mbili na robo asubuhi. Injini ya gari-nyumba jeupe imezimwa, lakini Gracieuse Ninahazwe hagusi kitu. Ameinama ubavuni mwa gari, sikio karibu na kifuniko kidogo cha buluu, mkono mmoja ameuinua kuwanyamazisha watu.

"Bado tu?" anauliza mwenye gari, Estella Moodley, mwalimu mstaafu wa Westville. Binti yake anamsubiri getini na gari lingine.

"Bado, Ma. Iko inapumua."

"Hata mimi ninapumua, Gracieuse, lakini nazeeka."

Gracieuse anacheka bila kuondoa sikio. Dakika mbili zinapita. Ndani ya gari mngurumo mdogo, kama wa nyuki aliyefungiwa chupani, unakatika. Hapo ndipo anachukua spana na kufungua waya wa betri.

"Wengi wanakosea hapa," anasema. "Wanazima, wanachomoa betri, sharp, wanaenda. Kumbe pampu bado inarudisha maji kwenye tangi. Yakibaki kwenye mrija yanakauka, yanakuwa kama chumvi. Septemba ikifika, gari haliwaki."

Maji anayoyasema si ya kunywa wala ya kupoza injini. Ni urea iliyoyeyushwa katika maji safi. Mafundi huyaita AdBlue. Magari mapya ya dizeli huyanyunyiza kwenye bomba la moshi ili kupunguza sumu inayotoka. Yakiisha au yakiharibika, kompyuta ya gari huweza kukataa kuwasha injini.

Gracieuse, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni Mrundi. Anafanya kazi katika yadi ya Honoré, Mkongomani wa Lubumbashi, hatua chache kutoka stendi ya taxi ya Isipingo, kusini mwa Durban, Afrika Kusini. Kila mwezi wa tano, safari za Pasaka zikiisha, wateja huleta hapa magari yao yenye vitanda na jiko ndani. Wengine hutoka hata Underberg, chini ya milima, ambako asubuhi za majira ya baridi maji huganda ndooni. Magari hukaa hadi Septemba. Mwaka jana alilaza arobaini na moja. Mshahara wake wa mwezi, kwa randi, ni, kwa maneno yake, "six thousand two hundred, na chakula cha mchana."

Msomaji asidhani kwamba baridi ndiyo shida ya Durban. "Hapa hakugandi kitu," anasema. "Adui yetu ni jua, na kukaa." Ndiyo maana kila gari huwekwa chini ya bati. Tangi la urea hujazwa karibu na shingo, ikiachwa nafasi kidogo. Matone yaliyomwagika huoshwa kwa maji safi ya kuongezea betri, yasiyo na asidi, yaliyopashwa moto, kwa sababu urea ikikauka juu ya waya wa shaba huila. Maji yaliyozidi mwaka mmoja humwagwa yote. Yale mapya huyapima kwa tone moja juu ya kioo cha kifaa kidogo, akilitazama kwa jicho moja kuelekea mwanga.

"Thirty-two and a half," anasoma asilimia ya urea. "Sawa kabisa."

Ufundi huo hakuupata darasani. Aliupata kwa kosa.

Alipoajiriwa mwaka 2017 alikuwa mfagiaji. Siku moja Honoré alimtuma kununua maji ya urea, akayakosa dukani. Lakini Gracieuse alilelewa katika mashamba ya mpunga ya Gihanga, kwenye tambarare ya Imbo nchini Burundi, na urea aliijua tangu utotoni: ni mbolea. Akaingia duka la pembejeo, akanunua mfuko, akaukoroga kwenye ndoo kwa maji ya bomba, akajaza tangi.

"Nilijiona mwenye akili sana," anasema, akijifunika uso. "Nilimwambia patron, nimekuokolea pesa."

Baada ya wiki mbili pampu ilikufa.

"Nilimuambia, mama, unapika bukari ndani ya motokari ya watu?" anakumbuka Honoré, bukari kwao ikiwa ni ugali, ambaye hadi leo husimulia kisa hicho kwa kila mteja mpya. "Lakini sikumufukuza. Nilimupatia brosse ya meno. Nikasema, fungua yote, safisha chumvi moja moja, mpaka ujue mahali kila kitu inapita."

Kazi hiyo ya mswaki ilimchukua siku nne. Siku ya tano alijua njia yote ya maji hayo, kutoka tangi hadi bomba. Leo mteja akija yadini anamtafuta yeye, si Honoré.

Kuna jambo moja ambalo hakulitegemea katika kazi hii, nalo ni harufu. Urea iliyokaa sana hutoa harufu kali inayochoma pua. Wengine hugeuza uso. Yeye hukaa hapo hapo.

"Nikifungua tangi la zamani, niko Gihanga," anasema. "Namwona mama ndani ya maji mpaka magotini, beseni kiunoni, anarusha mbolea kwa mkono. Ananiambia, wewe, usitupe pamoja, tawanya! Mpunga si kuku!"

Nje, wapiga debe wa taxi wanaita abiria wa kwenda mjini.

Aliondoka Burundi mwaka 2015, na tangu siku hiyo hajamwona mama yake. Mama sasa ana miaka sabini na sita. Mwezi wa tatu mdogo wake, Salvator, alituma ujumbe wa sauti: jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linafifia. Daktari alisema labda mwaka, labda pungufu, kabla hajapofuka kabisa.

Tangu hapo, Gracieuse anasema, anahesabu miezi kwa namna nyingine.

Kwenda si jambo jepesi. Ana hati ya ukimbizi, na mkimbizi anayerudi nchini kwake anaachana na hati hiyo. Akivuka, hakuna ahadi ya kuiona tena Durban, wala yadi, wala nyumba yao ya Overport ambamo mumewe, Bonheur, na binti yao, Lyse, watabaki. Lyse ana miaka kumi na minane na yuko darasa la mwisho la sekondari, matric. Mtihani unaanza mwezi wa kumi.

Kwa hiyo Gracieuse alituma ujumbe nyumbani: mama anisubiri hadi Desemba, Lyse amalize kwanza.

Jibu lilikuja kwa simu ya Salvator. Amelihifadhi, na anatusikilizisha akiwa amesimama kati ya magari mawili. Sauti ni ya polepole, ya Kirundi. Anatafsiri sentensi kwa sentensi. "Anasema, watoto wangu wazima? Anasema, mbuzi amezaa." Kisha sauti inashuka. "Anasema, Desemba siwezi kukuahidi. Sauti yako ninayo kwenye simu. Uso wako sina."

Anaizima simu na kuifuta kwa kitambaa, ingawa haina uchafu.

Ndipo akaamua kutoingoja Desemba. Bonheur hakukubali kwa wiki nzima. "Alisema, utaniacha na msichana wa matric na sufuria," anasimulia. Aliyemaliza ubishi ni Lyse mwenyewe, jikoni, akiwa ameshika kitabu cha hesabu.

"Mama, exam ni yangu, si yako," binti alimwambia. "Utanifanyia wewe? Eish, enda! Mimi nitakuona kwa video. Nyanya hataweza."

Jumatatu ijayo Gracieuse atakwenda kutia saini karatasi za kuiacha hati ya ukimbizi. Honoré amekwisha kuambiwa. Alinung'unika, akauliza nani sasa atasikiliza pampu, kisha akaagiza apewe mshahara wa Juni mapema. Yamebaki magari kumi na matatu. Akiyamaliza, mwisho wa mwezi atapanda basi la kaskazini, mipaka minne hadi Bujumbura. Jinsi ya kuwapata tena Bonheur na Lyse bado hajui. Anataraji kwamba Lyse akifaulu, watakutana upande mmoja au mwingine.

Lakini siku ya kufika ameipanga yote.

"Basi likiingia Bujumbura jioni, nitalala pale pale," anasema. "Gihanga ni karibu, watu wataniambia panda tu. Sipandi. Nataka nifike saa sita mchana, jua likiwa juu kabisa. Nikae mbele yake. Aone vizuri ni nani."