Ugonjwa Uliomtetemesha Drusilla

Drusilla Kwamboka, mchuma majani chai wa Nyamache, alianza kutetemeka mikono mwaka jana. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, na mwili ukakonda ingawa alikula vizuri. Kanisani watu walinong'ona kwamba anakunywa pombe kwa siri, naye akaacha kwenda.  Kila asubuhi Anyona, mumewe, alimshikia kikombe mpaka chai iishe.

Kisha madaktari waliokuwa wakifanya utafiti wa magonjwa ya homoni walifika kwenye zahanati ya jirani. Drusilla akakubali kutolewa damu. Majibu yalipotoka, daktari alimwambia, "Mama, tezi yako ya shingoni inatoa homoni kupita kiasi. Huu ni ugonjwa, na una dawa."

Drusilla akalia. "Kwa hivyo sikujiletea mwenyewe?"

"Hapana, Mama. Hukukosea popote."

Alimeza vidonge kila siku, na miezi ilivyopita mikono ikatulia. Siku moja aliporudi kupimwa, alimkuta mwanamke asiyemjua ameinama kwenye benchi, akiogopa sindano. Drusilla akaketi kando yake, akazungumza naye taratibu kwa Ekegusii, lugha ya kwao, na jina la mwanamke huyo lilipoitwa wakaingia pamoja.