Penalti ya Pasaka Niliyomfunga Furaha

Akili yangu bado inakataa, ndugu zangu. Furaha wetu, kipa wa Mushaki, alifariki juzi hospitalini Goma. Jana tulimzika huku nyumbani.

Ninyi mnaonifuata hapa mnapenda kubishana kuhusu rekodi zisizovunjika. Nani alifunga mabao mengi, nani alikimbia kuliko wote. Mimi rekodi yangu niliiona kwa macho, kwenye uwanja wetu wa mteremko, ambako ng'ombe hufukuzwa kwanza ndipo mechi ianze. Hakuna mwanaume aliyemfunga Furaha penalti.

Kwa msiotujua: kila sikukuu, misa ikiisha, wanaume wa Mushaki walipanga foleni kumpigia. Ukikosa, unabeba bidoni, yaani dumu la maji, kutoka chemchemi mpaka jikoni kwa mama yake, na njia inapita katikati ya soko.

Mwanaume mzima na bidoni kichwani. Wauza viazi waliacha kuuza wakasimama kucheka. Mimi nilibeba kuliko wote, wakanibatiza Buteur, yaani mfungaji mkuu, kwa kunitania tu.

Na alikuwa na maneno, huyo dada. Ukiweka mpira chini anakuuliza kwa upole: "Kaka, maji ya leo utaleta ya kupikia ao ya kuoga?" Ukipiga, mpira unapaa juu ya goli.

Kisha maisha yakambana, akaenda Omate, kule Walikale, kuwauzia wachimbaji wa dhahabu chakula. Huko akaanguka na pikipiki kwenye tope. Tulisikia, lakini hatukuulizia sana.

Pasaka iliyopita alirudi. Akasimama golini kama kawaida. Nikapiga juu, upande wake wa kulia, na hakuruka. Mpira ukaingia.

Nilivua shati nikauzunguka uwanja mzima. Video mnaijua, niliiweka juu kabisa ya ukurasa huu na maneno "Rekodi imevunjwa". Hata wiki iliyopita, nikijua yuko hospitalini, niliirusha tena. Nilidhani namchekesha.

Jana kwenye matanga mdogo wake, Neema, alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kaka, ile siku mukono yake ya kuume haikukuwa inapanda," aliniambia. "Njo mimi nilimuvalisha mayo yake ya golini. Bega ilikuwa imevimba tangu Omate."

Uvimbe huohuo ndio uliomuua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilimukataza kucheza, akakatala. Akasema: 'Uniache. Buteur amebeba maji mingi, na yeye afurahi siku moya.'"

Naona aibu, jamani. Naona aibu hata kuandika hapa.

Nimeitazama tena ile video. Mwishoni Furaha anaonekana akinishangilia, anapiga paja kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umelala tu. Imekaa kwenye ukurasa wangu muda wote huo, nikiitazama na kujisifu, na sikuona. Nilikuwa najitazama mimi.

Leo asubuhi nimeifuta. Wanaoniuliza imeenda wapi, jibu ndilo hili.

Halafu nimechukua bidoni, nikaijaza chemchemini, nikapita nayo katikati ya soko. Wauza viazi ni walewale. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka.

Jikoni akina mama walikuwa wanawapikia waliokuja kulia. Mama yake aliinua macho, akaniangalia, akaiangalia bidoni.

"Tia pale, mutoto yangu," alisema. "Hii ni ya kupikia."

Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Dada yangu, lile bao halipo. Mashahidi ni hawa wote wanaosoma hapa, na wakibisha wanitafute. Hakuna atakayeweka mpira mbele yako tena, kwa hiyo rekodi inabaki kwako daima.

Lala salama, Furaha. Hujafungwa.