Picha Niliyoibandika Kabla ya Safari ya Jego

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo imekuwa ikinirudia akilini tangu uliponipigia simu kuniambia kwamba wewe, mumeo na watoto mtavuka maji kwenda kijiji cha Mkwiro, kule kisiwani, kujitolea na kanisa lenu kwa wiki nzima. Nimefurahi, usidhani vinginevyo. Likizo ni fupi, watoto wanataka kucheza, na nyinyi mmeamua kwenda kupaka rangi madarasa ya watu msiowajua. Jambo hilo nalistahi sana. Lakini kabla hamjafunga mizigo yenu, keti kidogo nikusimulie kisa ambacho sijawahi kukueleza chote, kwa sababu mwenye makosa ndani yake ni mimi mama yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nafua na kupiga pasi katika hoteli moja ya Diani, na marehemu baba yako, Yohana, alikuwa fundi seremala. Wewe ulikuwa na miaka minne. Basi upepo ukang'oa paa la chekechea moja huko Jego, karibu na Vanga, na habari zikafika kanisani kwetu Ukunda. Familia nane zikajitolea kwenda kuliezeka upya. Tulikubaliana kwamba hawatakwenda kina baba peke yao. Tutakwenda baba, mama na watoto, tulale huko na tufanye kazi pamoja na wenyeji.

Maandalizi alipewa Mzee Mkala, mzee wa kanisa aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye subira ya ajabu. Kila Jumamosi alasiri alituita na watoto wetu, akatufundisha mambo ambayo mimi niliyaona madogo mno. Namna ya kubisha hodi na kungoja hadi uitikiwe. Namna ya kula kile ulichowekewa bila kukunja uso. Kwamba Jego wengi ni Waislamu, kwa hiyo tutavaa kwa staha, na sala zetu za asubuhi tutazifanya wenyewe kwa utulivu, bila kumlazimisha mtu. Mimi nilikuwa nakaa nyuma nikinung'unika moyoni. Nilizaliwa Kinango, nimekulia hapa hapa Kwale. Sasa huyu mzee anifundishe mimi kuamkia watu?

Kazi niliyopewa ilikuwa kulihamasisha kanisa lichange mabati, misumari na nguo. Nilitaka kuifanya vizuri, na kusema kweli, nilitaka pia nionekane nimeifanya vizuri. Baba yako na wenzake walipokwenda Jego siku moja kupima paa, nikafuatana nao nikiwa na kamera niliyoazima kazini.

Wakati wanapima, mimi nikazunguka. Nyuma ya chekechea palikuwa na nyumba ya udongo, na uani alisimama mama mmoja wa makamo, kanga imechakaa, mikono na miguu imejaa matope, na kando yake mtoto mdogo yuko uchi, matope mpaka kichwani. Nikasimama njiani nikampiga picha. Sikubisha hodi. Sikumwamkia. Alipoinua uso nilikuwa nimeshageuka naondoka.

Picha ile nikaipeleka isafishwe kwa ukubwa, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo langoni mwa kanisa. Chini yake nikaandika kwa mkono wangu: "Hawa ndio tunaowaendea. Hawana kitu. Toa ulicho nacho." Watu walitoa, mwanangu. Magunia ya nguo yalijaa chumba cha kwaya. Mchungaji alinisifu mbele ya watu wote, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jumapili iliyofuata, tulipokuwa tunatoka ibadani, nilimkuta mtu mzima aliyevaa sare ya askari wa hoteli amesimama mbele ya ubao. Alikuwa anampitia mwenzake wa kazini, muumini wetu, waende zamu. Alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi.

"Maneno haya ameandika nani?" akauliza.

Nikasema, "Ni mimi." Nilidhani anataka kutoa mchango.

Akaniangalia bila hasira. Afadhali angenikasirikia. "Mimi naitwa Hamisi," akasema. "Huyu ni dada yangu, Saumu. Na huyu mtoto ni mjukuu wake. Ulimwomba ruhusa?"

Watu walikuwa wanapita na Biblia zao, wengine wamesimama kusikiliza. Hamisi akabandua picha ile taratibu, kona moja baada ya nyingine, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaenda zake.

Siku tatu baadaye habari zikatufikia kwamba wazee wa Jego wanafikiria kutuzuia tusiende, kwa sababu ya picha ile. Mvua za masika zilikuwa karibu. Kama hatungekwenda wakati ule, watoto wa chekechea wangesoma msimu mzima wakinyeshewa, na kosa lingekuwa langu.

Nilikwenda kwa Mzee Mkala nikiwa nimejiandaa kujitetea. Nikamwambia nia yangu ilikuwa njema, na kwamba nguo zile zote zimepatikana kwa sababu ya picha ile. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Neema," akasema, "nia yako iko ndani yako. Yule mama haioni. Alichokiona ni picha. Sasa niambie, wiki zote hizi tulizokaa hapa tukifundisha watoto kubisha hodi, ulidhani tunawaandaa watoto?"

Nikainamisha kichwa. Akaongeza kwa sauti ile ile ya upole, "Kesho tutakwenda wote wawili. Mimi sitasema neno. Utasema wewe."

Usiku ule sikula. Asubuhi tukapanda gari, tukapita Msambweni, tukafika Lunga Lunga, tukashika njia ya Vanga. Mzee Mkala alikuwa ananionyesha mashamba ya mpunga kana kwamba tunakwenda harusini. Mimi nilikuwa narudia moyoni maneno nitakayosema.

Tulipofika uani kwa Bi Saumu, nilibisha hodi nikangoja. Nilibisha tena nikangoja. Akatoka amevaa buibui safi, amenyooka, uso umetulia. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," akatutandikia mkeka, akatuletea maji ya kunywa, akaulizia safari, akaulizia nyumbani. Alitupokea kwa adabu zote, na kila alivyozidi kutukirimu ndivyo nilivyozidi kuona haya.

Nikamwambia jina langu, nikamwambia nilichofanya. Sikumwambia habari ya nia njema. Nikasema, "Nimekukosea, mama. Nimekuja kukuomba radhi."

Alinijazia maji tena. Kisha akaniambia, "Siku ile nilikuwa nakandika nyumba. Hebu niambie, wewe ukikandika nyumba huvaa nini?"

"Huvaa nguo kuukuu," nikajibu.

"Na mtoto anayecheza kwenye udongo humvalisha nini?"

Hapo Mzee Mkala akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko.

"Nilikuwa nakandika chumba cha wageni," Bi Saumu akaendelea. "Tuliambiwa familia nane zinatoka Ukunda na watoto. Nikasema mama mmoja mwenye watoto wadogo nitamlaza kwangu. Na chekechea mnayokuja kuiezeka, kiwanja chake nilikitoa mimi, kilikuwa shamba la marehemu mume wangu. Halafu ndugu yangu ananiletea karatasi, imeandikwa sina kitu."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya mtu niliyemwona mara moja tu. Hakunibembeleza wala hakunisukuma mbali. Aliniacha nimalize.

Kisha akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Wazee nitawaambia mimi. Lakini tangu siku ile sijaushika ukuta ule, moyo ulikataa. Njoo siku mbili kabla ya wenzako, wewe na mumeo na wanao. Tuumalize pamoja."

Tukaenda. Huwezi kukumbuka, lakini wewe ulikuwa unakanyaga udongo kwa miguu pamoja na mjukuu wake, mmeshikana mikono, mmejaa matope hata huwezi kujua mtoto wa nani ni yupi. Baba yako alifunga fito zilizolegea. Mimi na Bi Saumu tukawa tunakandika, yeye ndani, mimi nje, tukizungumza kupitia mianya ya ukuta mpaka ikaziba na tukabaki tunasikilizana sauti tu. Alinionyesha namna ya kulainisha udongo kwa kiganja ili usipasuke. Mikono yangu ilichubuka. Sijui siku nyingine niliyofanya kazi nikiwa na furaha namna ile.

Wenzetu walipofika, yeye ndiye aliyewapokea. Paa likaezekwa kwa siku nne, vijana wa Jego juu pamoja na mafundi wetu, kina mama wa pande zote mbili jikoni kwenye sufuria moja. Magunia yangu ya nguo yalibaki Ukunda. Bi Saumu alipoulizwa na Mzee Mkala watoto wanahitaji nini hasa, alisema wanahitaji meza ndogo na mahali pa kunawa mikono. Hayo ndiyo tuliyowatengenezea.

Mwaka baba yako alipofariki, Bi Saumu alikuja kwetu bila kuitwa na mtu. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ulimkuta siku ya mazishi tu. Alikaa nami siku saba, mama wa Kiislamu katika matanga ya Kikristo. Wenzetu walipokuwa wakiimba alikaa kando ametulia, na walipomaliza alinishika mkono. Alinipikia uji, akanifulia kanga, na hakuniambia hata mara moja kwamba sina kitu, ingawa siku zile kweli nilijiona sina.

Sasa mwanangu, nakwambia wazi. Mkifika Mkwiro, jueni kwamba mnakwenda nyumbani kwa watu. Walikuwapo kabla yenu na wataendelea kuwapo mkishaondoka. Ulizeni majina kabla ya kuuliza shida. Ulizeni wanataka nini, na jibu likiwa tofauti na mlichobeba, acheni mlichobeba. Simu yako ina kamera nzuri kuliko ile niliyoazima mimi; iache mfukoni mpaka mtu akwambie mwenyewe umpige picha. Kubalini kupewa, maana watawapa, na kukataa cha mwenyeji ni kumdharau. Wafundishe wajukuu wangu hayo, lakini ujifundishe wewe kwanza. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usimtume mtu akuombee radhi. Nenda mwenyewe, keti, useme.

Mungu awatangulie mnapovuka maji na awarudishe salama. Aibariki mikono yenu iwe na manufaa, azilinde ndimi zenu zisimuumize mtu, na kila nyumba mtakayoingia Mkwiro iwe na mtu atakayesikitika siku mtakayoondoka. Amina.