Risasi Kumi Zilizolingana

Enzi zetu ughaibuni, mtaani St Marys, wenzangu walitumwa dukani kununua maziwa. Mimi nilitumwa gereji ya nyumbani kupima risasi.

Jirani yetu, Mzee Keith, ndiye aliyemwingiza Baba kwenye klabu ya kulenga shabaha, akamfundisha na kujitengenezea risasi. Tangu hapo Baba alikosa raha kwa jambo moja: kichwa cha risasi kizame kiasi gani ndani ya ganda lake. Kikizidi unywele mmoja, alisema, shabaha inakwenda kombo. Namba ndogo hakuziona, na miwani aliikataa, eti ni ya wale wazee aliowaogesha kazini, kwenye makao ya wazee. Basi mimi, mtoto wa miaka tisa, nilisoma kipimo, yeye akageuza skrubu ya mashine ya kutengenezea risasi, tukapima tena hadi sombe, kisamvu cha Mama, ikapoa mezani. Siku moja alipima hata chapati za Mama, akamwambia ya tatu imezidi.

Mama hakucheka. "Risasi zilitufukuza Burundi hadi kambini Tanzania. Leo wewe unazipika gerejini?"

Wakakubaliana Mama aje klabuni mara moja, aone kwamba ni mchezo tu. Moyo wake ukikataa, mashine inaondoka.

Wiki nzima tuliandaa risasi kumi. Zililingana mpaka Baba akanishika mkono kwa furaha. Akazipanga kwenye boksi kama mayai.

Jumamosi Mama alikaa nyuma, pamba masikioni, rozari mkononi, macho ameyafumba. Baba akalenga.

Tk.

Sheria ya pale, risasi isipolia, mtutu ubaki kwenye shabaha na usitikisike nusu dakika. Tukangoja. Ya pili, tk. Tukangoja. Mzee Keith akavua kofia. Kufikia ya sita nikakumbuka kopo la baruti gerejini, wiki nzima halijafunguliwa. Tulishughulikia kina tu, tukasahau kutia baruti na fataki ya kuiwasha. Nilitamani ardhi inimeze.

"Dad, we forgot the powder."

"Najua tangu ya tatu," akanong'ona. "Lakini kina kiko sawa." Akamaliza zote kumi.

Mama akafumbua macho. "Bado hajaanza?" Nilipomweleza, akacheka hadi pamba zikamtoka masikioni, kisha kicheko kikageuka machozi. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Laiti zile za kule kwetu," akasema, "angezitengeneza baba yako."

Mashine ikabaki.

Siku hizi wanangu wanaua watu mia kwenye michezo ya simu kabla ya kunywa chai, na nikiwauliza kichwa na ganda vinakutana wapi, wananijibu kwa Kiingereza kwamba nawasumbua. Enzi zetu risasi ilikuwa kazi ya wiki nzima. Moja ya zile kumi Mama aliiomba, akaiweka kabatini kando ya Bikira Maria. Hadi leo, akitembelewa na watu tuliokuwa nao kambini, huitoa akawawekea kiganjani.

"Ishikeni tu," huwaambia. "Hii aliipima binti yangu. Haiendi popote."