Sweta la Kukulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifumuliwa kazi yote kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa karakana ya masweta ya shule, hapa Arusha mjini, na Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka na mtu. Alivuta uzi, kazi yangu ikaporomoka. "Binti," akasema, "mtoto hana umbo la gunia. Anza upya."

Ninyi mnaojifunzia kwenye simu mnadhani kufuma ni kwenda na kurudi tu. Thubutu! Umbo la sweta linatokana na kuongeza na kupunguza. Kupunguza ni kushika vitanzi viwili kwa sindano na kuvifuma kama kimoja. Ukifika kwapani usipopunguza, mtoto akiinua mkono sweta zima linapanda naye. Kuongeza ni kuuinua uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, ukauzungusha, ukaufuma. Usipouzungusha unaacha tundu, na baridi yetu ya mwezi wa saba haihitaji mlango mkubwa. Msimamizi alitia kidole kwenye kila tundu na kuuliza, "Hapa anapita nani?" Nilimchukia mwaka mzima. Leo namshukuru, Mungu amrehemu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Olmotonyi, kwenye mteremko wa Meru, chini ya Mkuu wa Tawi, mama mpole mwenye utaratibu wake. Mjini tulianza mkono wa sweta kwenye kifundo tukapanda, tukiongeza. Yeye alitaka tuanze begani tushuke, tukipunguza. Wazazi wa kule walinunua sweta moja la kukulia, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa walilirudisha. Tulifumua pindo la mkono, tukaokota vitanzi, tukashuka kadiri mtoto alivyokua. "Mpime mtoto," Mkuu alituambia, "usipime maneno ya mzazi."

Hapo ndipo nilipomfahamu Nashipai. Mama yake, mkulima wa jirani, alimleta akianza shule, kabinti kenye maneno mengi. "Shikamoo mama wa sindano," akanisalimia, nikacheka. Nikamfumia. Mwaka uliofuata nikampima: mkono ule ule. Nikasema haya, labda mwakani. Mwakani mkono ukawa ule ule, na kifua kimepungua. Alikuwa mgonjwa wa moyo. Hospitali walishasema yao, ukoo ukasema yake, na mama alikuwa amechoka kuwasikiliza wote.

"Mrefushie mikono," akaniambia.

"Mama Nashipai, bado haijamwia mifupi."

"Wenzake wote wanarefushiwa. Na yeye mrefushie."

Nikamweleza kwamba sweta linampwaya, upepo unaingia kwa chini, afadhali nipunguze mbavuni apate joto. Akanitazama kama niliyemtukana. "Usimpunguzie mwanangu kitu."

Nikamgeukia Mkuu wa Tawi, mwenye sheria yake ya kupima watoto. Akaangalia pembeni. "Mrefushie," akasema kwa sauti ndogo.

Nikarefusha. Nashipai alipolivaa, vidole vikapotea ndani. Akaikunja mikono mwenyewe, polepole, macho yake kwa mama yake. "Linanitosha, yeyo," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mama kule. Jamani, yule mtoto alijua. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni za jikoni.

Alikufa wakati wa masika. Mama yake alikuja tawini asubuhi, peke yake, sweta limekunjwa kwapani. Tukampa pole, akaitikia. Akakaa kwenye benchi.

"Tunamzika kesho," akasema. "Nataka avae hili." Akalikunjua. "Lakini limtoshe. Mpunguzie."

Hakuna aliyeuliza vipimo. Nilifumua mikono, nikafumua na mbavu, na yeye akawa anauviringisha uzi kadiri ulivyotoka, mpaka ukawa donge mapajani pake. Nikaokota vitanzi nikaanza kupunguza, viwili kuwa kimoja, viwili kuwa kimoja, macho yamejaa machozi na mikono inakwenda yenyewe. Mkuu wa Tawi alikuwa amesimama mlangoni akilia wazi wazi. Nilipomaliza, mama alilinyoosha gotini, akatia kidole hapa na pale, akaridhika. Lilikuwa dogo kuliko nilipomfumia akianza shule.

Nikamuuliza kama nimfungie uzi uliobaki. "Mwongezee mtoto mwingine," akasema, akaenda zake.

Sasa nimestaafu, nakaa Elerai, vidole vimekakamaa. Masweta siku hizi yanatoka kiwandani, yamekatwa kwa mkasi na kushonwa. Mtoto akikua linatupwa. Sigombani na mtu. Nilipostaafu nilikabidhi sindano zote, lakini lile donge nilikuja nalo. Wajukuu wangu wanakua haraka mno, kila mwaka naongeza vitanzi, naongeza tena, wananicheka kwamba bibi hachoki. Nawafumia kwa uzi wa dukani. Ule wa donge nimeutoa mara nyingi, nikaanza bega, nikafumua. Alinituma kazi moja tu yule mama, na siiwezi.