Mwimbaji Aliyemfukuza Mama Yake

Walisema mtoto wa wakulima wa viazi wa Mawengi hawezi kuishi kwa muziki. Leo nina stashahada ya muziki, nimerudi kutoka Dar es Salaam, na studio ninayorekodia hapa Makambako ni yangu mwenyewe. Juzi nilimwona mwigizaji mmoja mzee akiimba kwenye runinga, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu alipokuja sokoni kwetu Mawengi kutambulisha wimbo wake wa kwanza.

Kulinukia ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na vumbi lililolowa mvua. Katika tamthilia moja ya runinga alikuwa amemfukuza mama yake mzazi, nami niliamini ni kweli. Bibi yangu pia aliamini. Spika zilipoanza kuvuma, akasogea hadi jukwaani.

"Wewe! Mama yako analala wapi?"

Umati ukadakia, "Mrudishe mama kwanza!" Muziki ukazimwa. Mwigizaji akashuka, akapiga magoti topeni mbele ya bibi, akamwamkia kwa lugha yetu.

"Kamwene, mama. Nisamehe. Nitamrudisha."

Sasa najua hakuwa na kosa lolote, alikuwa kazini tu. Siku ile niliona mtu mzima akiomba radhi ili aruhusiwe kuimba, nikauheshimu muziki tangu hapo.

"Haya, inuka uimbe, mwanangu," bibi alimwambia.

Akaimba. Wa kwanza kucheza alikuwa bibi yangu, wa pili mimi, na sokoni pote hakuna aliyetushinda.