Habari za Ng'ombe

Nilienda kwenye ile semina ya madaktari Kitengela nikiwa nimenuna. Miaka ishirini kazini, leo nifundishwe kusikiliza? Tukapewa kazi: kila mmoja akae na mgonjwa, anyamaze mpaka huyo mgonjwa amalize kusema, kisha aandike alichosikia.

Niliporudi kwenye kliniki yangu Kajiado, nilimchagua nyanya mmoja mfugaji. Alikuwa amekuja mara tatu akilalamika kichwa, na mara zote tatu nilimpa dawa za maumivu. Wazee wa Kimaasai hawaanzi na ugonjwa. Wanaanza na habari za nyumbani, na mimi huwa nina foleni.

Safari hii nikanyamaza.

"Mvua imekuja, daktari," akasema. "Nyasi iko. Lakini ng'ombe wananisumbua. Ile nyekundu siku hizi naijua kwa sauti tu. Juzi nimepeleka ndama kwa mama asiye wake, wanawake wa boma wakanicheka."

Nikaweka kalamu chini, nikamulika macho yake kwa tochi. Mtoto wa jicho, pande zote mbili.

"Koko," nikamwita kama Wamaasai wamwitavyo nyanya, "mbona hukuniambia huoni vizuri?"

"Nilikuambia," akajibu kwa upole. "Lakini kila nikifika kwa ng'ombe, unaniuliza kichwa kinauma wapi."